Mheshimiwa Hataki Kwenda Polepole

Jumatano, 8 Oktoba 1997

Leo nimejitolea. Sijui nani aliufungua mdomo wangu, lakini sauti ilikuwa yangu.

Ilikuwa kikao cha harusi, uani kwa Sajini Ogwal, jirani yetu hapa Nsambya. Binti yake Aciro anaolewa Jumamosi ya tarehe 18 na mwanajeshi mmoja mpole wa Mbuya. Misa ni hapa mlimani kwetu, karamu ni kule kwa bwana harusi. Sajini akauliza nani ataongoza msafara kwa pikipiki, mbele ya gari la bibi harusi. Koplo Okwir wa trafiki akaanza kuinua mkono, taratibu, kama mtu anayejua hana mpinzani. Kabla haujafika juu nilikuwa nimesimama. Nikasema mimi, Odera, nimezaliwa juu ya pikipiki. Makofi! Okwir akapangwa nyuma ya msafara. Nyuma! Yeye na pikipiki yake ya serikali!

Ndipo Sajini akafafanua. "Mimi nataka pole pole. Mwendo ya mtu anatembea. Watu yote ya Kampala aone mtoto yangu."

Nikaketi.

Maana Mheshimiwa hawezi polepole. Mheshimiwa ni pikipiki yangu. Mbio ni simba. Lakini achia mafuta, simama kwenye taa, anakohoa mara tatu, anatetemeka, anazima. Huu mwaka wa pili. Barua za ofisini nazipeleka bila kusimama. Njia ikizibwa, nazunguka kipilefti hadi ifunguke. Kipilefti cha karibu na Clock Tower nimewahi kukizunguka mara kumi na moja. Askari aliyekuwa pale akaanza kunipungia mkono kama ndugu.

Awiti, mke wangu, ameniuliza kama nimemweleza Sajini ukweli. Nimemwambia siku kumi ni nyingi. Amenikumbusha mwaka jana binti yetu Whitney alipopandwa na homa. Mheshimiwa alizima getini, na Sajini ndiye aliyembeba mtoto mgongoni hadi hospitali, kwa miguu, na viatu vyake vya kazi havijafungwa kamba. Kana kwamba nimesahau. Ndiyo sababu nilisimama! Hiyo, na kutaka kuuona uso wa Okwir.

Nimekaa mlangoni. Ukungu umelala juu ya mabati ya kota za polisi. Najiona na glavu nyeupe. Nyuma yangu magari thelathini, yote kimya, yote yanafuata bega langu.

Alhamisi, 9 Oktoba 1997

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna kazi. Mpango wa kwanza!

Upande wa kabureta kuna skrubu ya kupandisha mngurumo wa injini ikiwa imesimama. Injini inazima kwa sababu mngurumo ni mdogo? Basi upandishe. Jambo rahisi namna hii, na watu wanalipeleka kwa mafundi! Nimezungusha bisibisi mpaka ikagoma. Nimepiga teke.

Mheshimiwa amenguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Hakuzima! Dakika nzima! Majirani wametoka nje. Nimefumba macho, nimejisikia kama rubani.

Kisha nikaingiza gia.

Mheshimiwa hakuondoka, aliruka. Tumepita kwenye kamba ya nguo ya Sajini, tumetokea upande wa pili, na nilikuwa nimevaa suruali mbili za polisi shingoni. Okwir alikuwa pale na chai yake. Akasema, "Mtu ya Kenya, hii pikipiki yako iko na wazimu ama iko na kifua?" Nimemjibu kwamba nilikuwa najaribu breki.

Skrubu nimeirudisha. Kikohozi kimerudi nayo.

Jumamosi, 11 Oktoba 1997

Mpango wa pili ulihitaji werevu. Kutafuta elimu bila kuonekana mjinga.

Nimeshuka Kisenyi kwa Muhamadi, fundi ambaye watu wanasema husikiliza pikipiki kwa sikio moja tu, lingine halisikii. Mheshimiwa nimemficha nyuma ya ghala la mchele. Nimeingia gereji mikono mfukoni na kumwambia Muhamadi kwamba nina rafiki, yuko Jinja, pikipiki yake ni nzima mbio lakini ikisimama inazima.

Muhamadi hakuinua kichwa. Amesema mambo matatu. Kwanza, rafiki aangalie mpira ulioko kati ya kabureta na injini. Ukipasuka unavuta hewa isiyoalikwa. Pili, afungue jeti ndogo, ile ya mwendo wa kusimama, aisafishe kwa upepo. Upepo peke yake! Si waya, si sindano. Tundu lile limepimwa, ukilitanua umeliharibu. Tatu, skrubu ya hewa aifunge taratibu hadi ikae, halafu aifungue mzunguko mmoja na nusu.

Kisha akanitazama viatu. Vilikuwa vinanuka petroli.

"Rafiki yako alete kabuleta yenyewe," akasema. Kwake r ni l, na l ni r anapotaka. "Mimi sitibu mgonjwa ya kusikia."

Nimemshukuru kwa niaba ya Jinja. Nimerudi nyuma ya ghala. Mheshimiwa amekataa kabisa kuwaka. Hapakuwa na njia nyingine ya kutoka ila mbele ya gereji. Nimepita nikisukuma, nikitazama anga kwa bidii. Muhamadi amesema nimsalimie rafiki yangu.

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Baada ya misa nimefungua kabureta. Mezani, ndani ya beseni la Awiti la kukandia unga.

Kuhusu mpira sikujisumbua. Mpira ni jambo la watoto. Ugonjwa wa miaka miwili hauwezi kutoka kwenye mpira.

Lakini ndani ya kabureta! Hakuna aliyeniambia kwamba ni pazuri hivi. Vyumba vidogo vya shaba, vijia, visima, boya dogo linaloelea kama mtumbwi. Nimekaa kitambo nikitazama tu. Petroli ilikuwa inakauka juu ya shaba kwa rangi saba. Nje, kwaya ya kina mama ilikuwa bado inaimba mlimani, na nimewaza kwamba hata sauti yao inapita kwenye tundu dogo mahali fulani kabla ya kunifikia.

Jeti ndogo ni ndogo kuliko punje ya mtama. Nimeinyanyua kuelekea dirisha, jicho moja nimefumba. Giza. Nimepuliza hadi masikio yakalia. Giza. Upepo wa Muhamadi una mipaka yake.

Nimechukua sindano ya cherehani ya Awiti.

Imeingia kwa shida kidogo. Nimeizungusha. Nimesukuma tena, na tena, kwa upendo. Nikatazama. Mwanga! Nyota moja, duara, yenye kung'aa, ndani ya shaba. Nimemwita Awiti aione. Ameiona. Akauliza sindano yake iko wapi, na kwa nini imepinda, na kama fundi hakusema si sindano. Nimemweleza kwamba fundi alimwambia mtu wa Jinja.

Jumanne, 14 Oktoba 1997

Mheshimiwa sasa anazima na moshi mweusi. Hapo awali alizima bila moshi. Plagi nimeitoa, nyeusi kama sufuria ya msibani. Petroli inanuka hadi ndani ya mito ya kulalia. Whitney ameuliza kama sisi ni kituo cha mafuta.

Nyota yangu ni kubwa mno.

Kwa kuwa pikipiki haikubali mwendo wa harusi, nimeona afadhali kubadilisha mwendo wa harusi. Huu ni mpango wa tatu na wenye hekima kuliko yote. Nimemfuata Sajini akipiga pasi sare yake. Nimemwambia kwamba siku hizi Nairobi msafara wa bibi harusi unakwenda kasi. Ndiyo heshima. Watu husikia tu upepo na vumbi, wanabaki wakiulizana nani huyo amepita.

Sajini ameweka pasi chini.

"Odera. Mtoto yangu hana mgonjwa. Nakimbiza yeye hospitali ya nini?"

Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba yeye mwenyewe alioa wakati wa vita. Mama Aciro alikwenda kanisani nyuma ya lori, amefunikwa turubai, na walikimbia njia yote. Hakuna aliyemwona na gauni lake. Hata yeye Sajini alimwona vizuri wakiwa ndani tayari, na gizani. Mama Aciro amekwisha kufa. "Huyu moja," akasema, "huyu watu ataona."

Akachukua pasi akaendelea. Nimesimama pale nikitazama mvuke ukipanda kutoka kwenye kola.

Alhamisi, 16 Oktoba 1997

Nimefanya jambo. Naliandika haraka lipite.

Pikipiki ya Okwir ikisimama inanguruma laini, kama paka kifuani. Nikajiuliza skrubu yake ya hewa iko wazi mizunguko mingapi. Nikiijua, naiga. Kuiga si wizi. Saa saba alikwenda kula, pikipiki ameiacha kivulini kando ya kota. Nikapita na bisibisi ndani ya gazeti.

Hesabu ni rahisi: unafunga skrubu ukihesabu hadi ikae, halafu unairudisha ilikokuwa. Nikafunga. Robo. Nusu. Robo tatu. Mara korongo mkubwa, wale wenye upara wanaokaa majalalani, akapita juu, mabawa yamenyooka, hapigi hata kidogo. Alikuwa anaelea tu. Nikawaza: huyo ndiye ajuaye mwendo wa polepole. Hana skrubu. Akazunguka kanisa mara moja, akazunguka tena, akapotelea upande wa Kibuli.

Nilipotazama chini skrubu ilikuwa imekaa na sikuwa na namba.

Nikarudisha miwili na nusu, kwa kukadiria. Halafu nikapunguza kidogo. Halafu nikaongeza. Okwir akakohoa kwenye kona na mimi nikawa mtu anayesoma gazeti.

Saa kumi Okwir ameingia kota akisukuma. Pikipiki ya serikali! Inazima kila ikisimama. Amesema haelewi, asubuhi ilikuwa nzima. Furaha ilinipanda, nakiri. Ilikaa kama dakika mbili.

Halafu Sajini ametoka nje. Ametazama pikipiki ya Okwir, akanitazama mimi, akatazama Mheshimiwa ukutani. Ameingia ndani na kufunga mlango polepole. Afadhali angeupigiza.

Awiti amekaa kwenye cherehani, anashona shela ya Aciro, kwa sindano mpya.

Ijumaa, 17 Oktoba 1997

Mvua tangu alfajiri. Nimemwendea Okwir. Mpango wangu ulikuwa kumwambia kwamba ninamjua daktari mmoja Kisenyi, na basi. Fundi wao wa polisi amekwenda matanga Lira, kwa hiyo Okwir amekubali.

Tumesukuma. Wanaume wawili wazima, pikipiki mbili, kutoka Nsambya hadi Kisenyi, bega kwa bega, maji yakitiririka vifundoni. Mji wote ulikuwa kama unaonekana ndani ya chupa ya kijani. Kwenye daraja la mfereji tumepumzika, na Okwir akanikatia nusu ya chapati yake, ikiwa imelowa. Nikashindwa kuimeza. Nikamwambia. Yote: gazeti, bisibisi, korongo.

Okwir ametafuna hadi mwisho.

"Mimi nilijua," akasema. "Skrubu iko na alama mpya ya bisibisi. Na wewe ulikuwa nasoma gazeti juu chini." Akajipangusa mkono kwenye koti. "Nitakufunga. Lakini baada ya harusi." Sijui kama ni utani. Kwa polisi ni vigumu kujua.

Muhamadi alipotuona akauliza kama mvua iko Jinja pia.

Pikipiki ya Okwir: akafunga skrubu kwa vidole viwili, kama anayefunga jicho la mtoto aliyelala. Akafungua mmoja na nusu. Paka akarudi kifuani. Haikufika dakika tatu.

Kisha Mheshimiwa. Muhamadi amempiga teke akawaka, amemshikilia kwa mafuta kidogo asizime. Akachota povu la sabuni kwa brashi, akapaka juu ya ule mpira. Tukainama wote watatu. Povu lilikaa, likatetemeka, halafu upande wa chini likanyonywa ndani, taratibu, kama pumzi. Akaukunja mpira kwa kidole. Ulikuwa na mpasuko mrefu, mdomo kabisa, unatabasamu. Miaka miwili ulikuwa unanitabasamia.

"Mpila," akasema Muhamadi. Basi.

Akatafuta mwingine kwenye debe la vitu vikuukuu. Halafu akafungua jeti yangu, akaitazama kwenye taa, akaigeuza, akaitazama tena. Akauliza nani amechimba kisima. Nimetazama mvua. Ameitupa, ameweka nyingine, ameipuliza, amefunga, amepima skrubu. Mmoja na nusu.

Akaachia mkono.

Mheshimiwa akabaki. Nilisubiri kikohozi. Hakikuja. Tu-tu-tu-tu-tu, chini kabisa, kama mtu anayeota ndoto njema na hataki kuamshwa. Matone kwenye tangi yalikuwa yanacheza kwa mapigo yake. Muhamadi akamgeuzia lile sikio lake linalosikia, akafumba macho. Okwir naye. Nadhani nililia kidogo, lakini mvua ilikuwepo.

Jumamosi, 18 Oktoba 1997

Mvua ilikatika saa tatu, kama iliyoambiwa.

Sikupata glavu nyeupe. Awiti amenipa soksi za Whitney nivae mikononi. Nimekataa. Baadaye nimekubali.

Nilikwenda kwa Sajini kabla ya misa, nikamwambia ukweli wote na kwamba Okwir ndiye anayestahili mbele. Sajini akatufikiria sisi wawili kama watuhumiwa. Akaamua wote mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto, na atakayemzidi mwenzake hata kwa tairi hatakula.

Tukatoka kanisani saa sita. Nyuma yetu gari la wazi la kuazima, Aciro amesimama ndani yake, shela ya Awiti inapepea, baba yake kando yake ameshika ukingo kwa mikono miwili. Mwendo wa mtu anayetembea. Hata chini ya hapo. Kibuli, wanawake wametoka na vijiko mikononi. Kwenye reli tumesimama treni ya mizigo ipite, mabehewa mengi, na hakuna aliyezima. Nilisikia pikipiki mbili zikinong'onezana chini ya kelele ya treni. Bugolobi watu wamejipanga juu ya ukuta. Mtu mmoja ameuliza huyo ni binti wa nani. Sajini akajibu mwenyewe, kwa sauti ya gwaride, jina la Aciro, halafu jina la mama yake.

Akaendelea hivyo hadi Mbuya. Kila kona. Jina la binti, jina la mama. Sauti ilimkauka mlima wa Mbuya ulipoanza, na Aciro akapokea, akawa anayataja yeye. Barabara ilikuwa inatoa mvuke kwa jua. Tulipanda ndani ya mvuke ule magurudumu hayaonekani, na kwa kitambo niliamini kwamba hatugusi chini.

Okwir alinitazama, akainua kidole kimoja kutoka kwenye mpini. Nami nikainua soksi.

Kwenye karamu Sajini amenishika bega. Hakusema asante. Aliniwekea mfupa wenye uboho kwenye sahani, mkubwa kuliko wa Okwir. Nimepima.

Jumapili, 19 Oktoba 1997

Siku ya amani. Jua. Baada ya misa Padre amenifuata. Amesema jana amesikia pikipiki inayonguruma kwa unyenyekevu, akauliza nani ameitengeneza.

Nimesema mimi.

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Nisingeisukuma, ingefikaje? Padre amesema pampu ya maji ya misheni inazima ovyo, na kesho kutwa Askofu anakuja. Nimemwambia asitafute mtu mwingine.

Ila fundi mwangalifu hujizoeza. Nimewaza hivi: mgonjwa nimekwisha kumwona kwa ndani, mzima sijamwona. Mtu atajuaje uzima ukoje bila kuufungua? Awiti amekwenda kumsalimia Aciro Mbuya. Beseni liko wazi. Nimemfungua Mheshimiwa dirishani, penye mwanga mzuri.

Pazuri, pazuri sana. Kila kitu mahali pake. Na nimetambua kwamba Muhamadi ameacha mzunguko mmoja na nusu tu, kwa sababu ni mtu wa tahadhari. Kama mmoja na nusu unaleta amani ile, mitatu italeta nini? Nimekaa nikiota. Askofu anapita. Pampu inaimba. Watu wanauliza jina langu.

Ndipo jeti mpya iliporuka kutoka kidoleni, ikang'aa hewani kidogo, ikatoka dirishani.

Nimetoka mbio. Kuku wanne wa Sajini wamesimama mstari, wananitazama kama mashahidi. Mmoja amemeza kitu sasa hivi. Sijui ni yupi.

Lakini nina mpango.